Anza na Ndege, Kamera Itafuata

Watu wakiniona na lenzi begani huniuliza wanunue kamera gani. Nami huwauliza: unapiga picha ndege gani, na unawakuta wapi? Wengine hudhani nakwepa swali. Sikwepi. Kwa miaka niliyowafuata ndege wa pwani ya Dar es Salaam na wa misitu ya Usambara, nimeona kwamba uchaguzi wa vifaa una mpangilio wake: mahali ndipo panapokuchagulia ndege, ndege ndiye anayekuchagulia lenzi, na lenzi ndiyo inayokuchagulia kamera. Madukani mpangilio huu umepinduliwa. Unaonyeshwa kamera kwanza, unasomewa megapikseli, halafu unakabidhiwa pia kilenzi kifupi kilichokuja nayo kwenye boksi. Ndege hatajwi.

Mimi ni mhasibu. Picha za ndege ni starehe yangu ya Jumamosi asubuhi, na fedha yake inatoka kwenye mfuko uleule unaolipa ada za watoto. Kwa hiyo kila kifaa nilichonunua kilipita kwanza kwenye daftari, na daftari ndilo lililonifundisha mengi.

Hesabu ya kwanza ilihusu ndege aitwaye chozi. Nyuma ya nyumba yetu kuna migomba na mishubiri, na asubuhi chozi hawakauki hapo. Chozi wa kawaida ana urefu wa sentimita 12 hivi, kuanzia ncha ya mdomo hadi mwisho wa mkia. Ukimpiga akiwa mita 10 kwa lenzi ya milimita 400, taswira yake juu ya sensa inakuwa na urefu wa milimita 5 tu. Sensa ya kamera nyingi za wapenzi wa picha ina upana wa milimita 22 au 23. Maana yake ni kwamba hata kwa lenzi ambayo majirani huiita bomba, ndege huyo hafiki hata robo ya upana wa picha. Sasa msogelee hadi mita 5. Taswira inakuwa maradufu, na hujatoa hata shilingi. Ili upate ukubwa huohuo ukiwa umebaki mita 10 ungehitaji lenzi ya milimita 800.

Kutokana na hesabu hiyo niliweka kiti cha plastiki nyuma ya kamba ya nguo, nikatundika kanga mbili kunificha, nikakaa. Chozi walinizoea upesi kuliko nilivyotarajia. Hapo ndipo likajitokeza jambo ambalo matangazo ya lenzi hayalitaji kwa sauti: kila lenzi ina umbali wa chini kabisa ambao chini yake haioni. Lenzi yangu, Canon ya milimita 400 yenye tundu la f/5.6, haifokasi kitu kilicho karibu zaidi ya mita 3.5. Chozi alipotua kwenye ua la mgomba mita mbili na nusu kutoka nilipo, lenzi ilihangaika mbele na nyuma, ikashindwa. Dawa yake ni ringi tupu isiyo na kioo, unayoivalisha kati ya lenzi na kamera. Inakupa uwezo wa kufokasi karibu, ila inakunyima kufokasi mbali mpaka uivue. Anayetaka kupiga chozi na wenzake wadogo bustanini aangalie kipimo hiki kabla hajaangalia kingine. Zipo lenzi za milimita 100 hadi 400 zinazofokasi kitu kilicho umbali wa mita moja hivi, na kwa bustani hizo zinaishinda lenzi kubwa ya kitajiri.

Mambo yanabadilika kabisa ukienda kwenye mashamba ya chumvi ya Kunduchi na Mbweni. Hapo hakuna mgomba wala kamba ya nguo, ni matuta ya udongo, maji mafupi na tope. Kuanzia Agosti au Septemba hadi Aprili tope hilo hujaa vitwitwi na sululu waliotoka kuzalia kaskazini ya mbali, wengine Siberia. Yupo pia ndege mweupe mwenye mgongo mweusi na mdomo mnene, mla kaa, ambaye hutaga kwenye mashimo anayochimba mchangani katika pwani za Uarabuni, Oman ikiwamo, kisha akashuka kwetu. Ndege hawa ni waoga. Ukitembea wima kuwaelekea, wanainuka ukiwa bado mbali, na mmoja akiinuka kundi zima linamfuata.

Mtu akisimama juu ya tuta hilo, wazo la kwanza ni kutamani lenzi ndefu zaidi. Mimi niliokolewa na mzee mmoja aliyekuwa akikwangua chumvi.

"Shikamoo babu."

"Marahaba, mjukuu wangu. Hao usiwafuate. Kaa hapo kwenye kona ya tuta, jifanye gogo. Maji yakijaa watakuja wenyewe."

Nikakaa. Pwani yetu, wakati wa bamvua, tofauti kati ya maji kupwa na maji kujaa hupita mita tatu. Maji yanapopanda, tope ambalo ndege wanalia chakula linapungua, nao wanasukumwa taratibu kuelekea nchi kavu. Vitwitwi waliokuwa kama nukta waliendelea kuja, wakichokoa tope, wakinyanyua vichwa, wakiendelea, mpaka mmoja akasimama karibu kiasi kwamba niliona chembe ya udongo imening'inia kwenye ncha ya mdomo wake. Tangu siku hiyo, kabla sijafungua begi la kamera, hufungua jedwali la maji. Saa mbili za mwisho kabla maji hayajajaa kabisa ndizo zangu. Maji mafu hayawasukumi sana, kwa hiyo siku hizo hubaki nyumbani na chozi.

Chumvini kuna adui mwingine ambaye fedha haimwezi, nalo ni joto. Ikifika saa nne asubuhi ardhi imeshapata moto, na hewa juu yake inacheza. Ni yaleyale mazigazi yanayofanya lami ya mbele ionekane kama ina maji. Ukimpiga ndege kupitia hewa hiyo akiwa mita 60, manyoya yake yanatoka yamelegea, na lenzi ya mamilioni itakupa ulegevu uleule kwa ukubwa zaidi. Wengi hurudi nyumbani wakilaumu lenzi, wakaipeleka kwa fundi. Lenzi nzima, hewa ndiyo mbovu. Fika saa kumi na mbili alfajiri, ondoka saa tatu.

Nilichagua lenzi ya milimita 400 kwa sababu za kihasibu. Kioo cha mbele cha lenzi hakiwezi kuwa chembamba kuliko urefu wa lenzi ukigawanywa kwa namba ya tundu. Milimita 400 gawanya kwa 5.6 ni kama 71. Milimita 600 gawanya kwa 4 ni 150, yaani kioo kipana kama sahani ndogo, na vioo vya aina hiyo ndivyo vinavyofanya lenzi za 600 zenye f/4 ziwe na kilo 3 na zaidi, na bei inayopita dola 12,000 za Marekani zikiwa mpya. Lenzi yangu ina kilo 1 na robo. Ilianza kutengenezwa mwaka 1993, haina kitulizaji cha mtikisiko, na ndiyo maana mtumba wake unapatikana kwa bei ya kueleweka. Ukosefu wa kitulizaji haunisumbui kwa ndege anayeruka, kwa sababu hapo spidi ya shata ni 1/2000 ya sekunde au zaidi, na kwa spidi hiyo mtikisiko wa mikono hauonekani. Kitulizaji hutuliza mikono yako, hakimtulizi ndege.

Kuipata kulinipitisha kwenye maduka ya vifaa vya mtumba. Katika duka moja kijana alinitolea lenzi kwenye mfuko wake wa ngozi, ikimeremeta.

"Dada, hii safi kabisa. Imetoka Japani, mwenyewe hakuitumia."

Nikaomba azime taa. Nikafungua tundu lote, nikawasha tochi ya simu, nikaimulika kupitia upande wa nyuma huku nikitazama mbele kwa pembe. Katikati kulikuwa kweupe. Ukingoni, kwenye kioo cha ndani, kulikuwa na nyuzi nyembamba zilizotawanyika mithili ya utando wa buibui.

"Hilo vumbi tu, dada."

"Vumbi halina matawi, kaka."

Alicheka, akairudisha kwenye mfuko. Ile ilikuwa kuvu. Hustawi kwenye unyevu na giza, hula utando wa kioo, na ikishakita mizizi hata ukiisafisha huacha alama. Vumbi la kweli ndani ya lenzi halina madhara makubwa, usilikimbie. Kimbia kuvu, na zitazame pia skrubu: zikiwa zimechubuka, jua kuna fundi alishaingia. Kisha bandika gazeti ukutani, lipige, kuza picha, ulinganishe maandishi ya katikati na ya pembeni. Mwisho toka nje ufokasi kitu cha mbali sana, kama mnara wa simu. Lenzi niliyoichukua niliipata baadaye kwa mtu aliyekuwa anahama, nayo ilipita mitihani yote hiyo sebuleni kwake, mbele ya chai.

Hadi hapo unaweza kudhani milimita 400 na f/5.6 ni jibu la kila mahali. Panda basi la Tanga, ushuke Muheza, upande milima hadi Amani. Wajerumani walianzisha kituo cha utafiti wa kilimo hapo mwaka 1902, na tangu 1997 ni hifadhi ya mazingira asilia. Hondohondo wanapita juu ya miti na mbawa zinazosikika kabla hujawaona. Chini ya miti, ingawa saa imeshafika mbili asubuhi na jua liko nje, kuna kiza cha magharibi. Kamera yangu ilikuwa inapanda hadi ISO 6400, na bado spidi ya shata ilikuwa 1/125. Msituni urefu wa lenzi unashuka cheo, maana ndege wako mita 8 au 10 kutoka njiani. Wangekuwa mbali zaidi usingewaona kabisa kwa majani. Kinachotafutwa pale ni mwanga. Lenzi ya milimita 300 yenye f/4 huingiza mwanga mara mbili ya yangu. Ukiilinganisha na zile lenzi nyepesi za milimita 600 zenye f/11, ambazo ufukweni jua likiwaka zinafanya kazi vizuri, tofauti ni mara nane. Kitulizaji nacho kinapata kazi hapa, kwa kuwa ndege wa msituni mara nyingi hukaa kimya tawini na wewe unapiga kwa spidi ndogo. Mimi hutumia mguu mmoja wa kuegemezea, nao umeniokoa mara nyingi.

Hapo ndipo kamera yenyewe inapoingia kwenye mazungumzo, na kuna hesabu moja ambayo wauzaji wengi hawaifanyi. Chukua kamera mbili za Canon, 7D Mark II ya mwaka 2014 na R6 ya mwaka 2020. Zote zinatoa picha yenye upana wa pikseli 5,472. Lakini ya kwanza imezipanga kwenye sensa ya milimita 22.4, na ya pili kwenye sensa ya karibu milimita 36. Yule chozi wa mita 10, mwenye taswira ya milimita 5, anapata pikseli kama 1,200 kwenye kamera ya zamani, na 750 hivi kwenye ile mpya. Kwa ndege mdogo aliye mbali, mwanga ukiwa mzuri, sensa ndogo iliyosongamana inakupa manyoya mengi zaidi. Ukiingia Amani mambo yanageuka: sensa kubwa inakusanya mwanga zaidi na picha haijai chenga. Ndiyo maana simjibu mtu kabla hajaniambia anapiga wapi.

Jambo la pili la kamera ni kufokasi, na hapa sina budi kukiri kwamba teknolojia imetenda makubwa. Kuanzia mwaka 2020 kamera zisizo na kioo cha ndani zilianza kumtambua ndege na kulishika jicho lake zenyewe. Keremkerem akiruka kutoka kwenye waya, akamnasa nyuki na kugeuka, kamera inakaa kwenye kichwa chake wakati wewe unahangaika kumweka tu ndani ya fremu. Lakini keremkerem huyohuyo akitua katikati ya vijiti vya mikoko, kamera nyingi zitashika kijiti cha mbele. Ujuzi wa kuchagua nukta moja na kuiweka jichoni kwa kidole gumba haujapitwa na wakati. Angalia pia aina ya shata: kamera nyingi hutangaza picha 20 au 30 kwa sekunde kwa shata ya kielektroniki, ila sensa isiyo na kasi ya kutosha husoma picha mstari kwa mstari, na bawa linalopiga haraka hutoka limepinda. Kwa ndege anayeruka, picha 10 kwa sekunde za shata ya kawaida zinatosha.

Nakushauri utumie kunguru kama walimu. Dar es Salaam haina upungufu wao, hawadai kiingilio, na wanaruka siku nzima kwa mitindo yote. Ukiweza kumfuata kunguru akipita juu ya paa na kupata jicho lake likiwa kali, hutashindwa na tai. Weusi wake unafundisha kipimo cha mwanga: kamera huona giza, ikaongeza mwanga kupita kiasi, na anga nyuma yake ikachomeka. Yangeyange anafundisha upande wa pili, maana weupe wake huungua jua likipanda kidogo tu, na manyoya yanakuwa karatasi tupu. Ukiwaweza hao wawili umeimaliza nusu ya somo.

Uzito ni gharama ambayo haiandikwi kwenye risiti. Lenzi za milimita 150 au 200 hadi 600 zinazopendwa na wapenzi wa picha zina kilo 2 hivi, na ukiongeza kamera unakaribia kilo 3. Kwenye gari la hifadhini, juu ya mfuko wa maharage uliowekwa dirishani, uzito huo si kitu. Kwenye bodaboda, kisha kwa miguu juu ya tuta linaloteleza, ni habari nyingine. Kuna na macho ya watu. Lenzi kubwa karibu na daraja, bandari au kambi inaita askari, na maelezo yako kuhusu vitwitwi yatachukua muda kueleweka. Mimi hujitambulisha kwanza kwa wenye eneo, nawaonyesha picha kwenye kioo cha kamera, mara nyingi na jina la ndege wananipa wao.

Ukiishi pwani, tenga fedha ya kutunza. Hewa ya chumvi hula metali na unyevu hulisha kuvu. Nikirudi kutoka chumvini hupangusa lenzi na kamera kwa kitambaa chenye unyevu kidogo, kisha kikavu. Usiku vinalala kwenye boksi la plastiki lenye mpira kwenye mfuniko, pamoja na silika jeli. Ile ya rangi ya chungwa hugeuka kijani ikishashiba maji. Unaikausha kwa moto mdogo, inarudi kazini. Begi la ngozi lililofungwa kabatini ndilo shamba zuri la kuvu.

Mtu akiniletea bajeti yake, namgawia hivi. Mwenye kidogo anunue darubini ya 8x42 kabla ya kamera yoyote. Nilipokuwa Nairobi kikazi niliungana na matembezi ya kutazama ndege ya Jumatano asubuhi ya jumuiya ya Nature Kenya, desturi iliyoanzishwa na Fleur Ng'weno mwaka 1971, na watu wale kwa darubini tu waliona ndege ambao mimi mwenye lenzi nilikuwa nimewapita. Ukishajua ndege wako ni nani, utajua umbali wao. Mwenye zaidi kidogo atafute kamera ya mtumba yenye sensa ndogo, kama 7D Mark II au Nikon D500, aulize shata yake imepiga mara ngapi, kwa kuwa zote mbili zilipimwa kuhimili mara 200,000, na fedha kubwa aiweke kwenye lenzi. Lenzi nzuri iliyotunzwa hudumu miongo. Yangu ni ya muundo wa karne iliyopita na bado inalisha kamera za leo kwa adapta. Kamera hushuka bei kila toleo jipya linapotoka.

Na aliyeshapata lenzi inayolingana na ndege wake, anayejiuliza sasa kama abadilishe kamera, namwomba apige mahesabu ya nauli kwanza. Tofauti ya bei kati ya kamera ya mwaka juzi na ya mwaka huu inalipia safari kadhaa za Muheza, malazi ya Amani, na mwongozaji wa kijijini anayejua hondohondo wameweka kiota mti gani na mtu asimame wapi asiwabughudhi. Mimi ningelipia safari.